Uhuru wa Uskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za Uskoti hutufikia vipande vipande: leo kura ya maoni, kesho waziri kiongozi kajiuzulu, keshokutwa mahakama imekataa jambo. Hapa nimeyakusanya maswali yanayojirudia, pamoja na majibu yanayoonyesha jinsi Waskoti wenyewe wanavyotofautiana. Mimi sina kura kule, ila maoni ninayo, na pale nilipoona hoja ya upande mmoja imepwaya nimesema wazi.

Kwani Uskoti si nchi tayari?

Ni nchi, lakini si dola. Ina sheria zake, mahakama zake, mfumo wake wa elimu na kanisa lake, na vyote hivyo vilibakishwa makusudi mwaka 1707, bunge la Edinburgh lilipokubali kujivunja na kuungana na lile la England. Taji lilikuwa limeungana mapema zaidi, mwaka 1603, pale James wa Sita wa Uskoti aliporithi kiti cha England. Leo Ufalme wa Muungano una nchi nne: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Uskoti ina watu wapatao milioni 5.5. England peke yake inapita milioni 56. Tofauti hiyo ya idadi ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya mabishano.

Tangu 1999 Uskoti ina bunge lake tena, lenye viti 129, katika eneo la Holyrood mjini Edinburgh. Linaamua mambo ya afya, elimu, polisi na sehemu ya kodi. Ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji, sarafu na katiba yenyewe vimebaki London, katika bunge la Westminster.

Bunge hilo lilitokana na kura ya maoni ya Septemba 1997, ambapo asilimia 74 walilikubali. Jaribio la kwanza, la 1979, lilikuwa limekwama kwa njia inayokumbukwa kwa uchungu hadi leo. Waliosema Ndiyo walikuwa wengi, asilimia 51.6 ya kura, lakini sheria ilidai pia wafike asilimia 40 ya watu wote walioandikishwa. Hawakufika, kwa hiyo mtu aliyebaki nyumbani, na hata marehemu ambaye jina lake halijafutwa daftarini, alihesabika kana kwamba amekataa.

Mwaka 2014 waliulizwa nini hasa, na walijibu nini?

Waliulizwa hivi: "Je, Uskoti iwe nchi huru?" Ilikuwa tarehe 18 Septemba. Asilimia 55.3 walisema Hapana na asilimia 44.7 wakasema Ndiyo. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6, na vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura.

Hata maneno ya swali yalipiganiwa. Serikali ya Uskoti ilitaka lianze na "Je, unakubali kwamba...", Tume ya Uchaguzi ikaona mwanzo huo unamvuta mpiga kura upande wa Ndiyo, ukaondolewa. Naona ilitenda haki.

Kati ya halmashauri 32, Ndiyo ilishinda nne tu: Dundee, Glasgow, West Dunbartonshire na North Lanarkshire. Ukizifahamu historia zao, za viwanda vilivyofungwa na mitaa iliyosahauliwa, hushangai. Edinburgh, mji wa mabenki na ofisi za serikali, ilikataa kwa asilimia 61. Aberdeen, mji wa mafuta, nao ulikataa.

Hapakuwa na njia ya katikati?

Ilikuwapo katika mioyo ya watu, haikuwapo kwenye karatasi. Waskoti wengi walitaka bunge lao liongezewe madaraka bila kuvunja muungano. Lakini waziri mkuu wa wakati ule, David Cameron, alishikilia kuwe na majibu mawili tu, akitaka jambo limalizwe moja kwa moja. Makubaliano ya Edinburgh, aliyotia saini na waziri kiongozi wa Uskoti, Alex Salmond, tarehe 15 Oktoba 2012, yakaruhusu swali moja.

Kisha, siku 11 kabla ya kura, utafiti wa maoni wa kampuni ya YouGov ukaonyesha Ndiyo ikiongoza kwa asilimia 51. London ikaingia wasiwasi. Tarehe 16 Septemba viongozi wa vyama vitatu vikubwa, Cameron, Ed Miliband na Nick Clegg, waliahidi madaraka zaidi kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Record. Hivyo ile njia ya katikati iliyonyimwa nafasi kwenye karatasi ikarudi kama ahadi ya dakika za mwisho, na hakuna mpiga kura aliyepata nafasi ya kuiwekea alama. Asubuhi baada ya matokeo, Cameron alitoka mbele ya ofisi yake na kuanza kuzungumzia haki za wabunge wa England. Wapo waliopiga Hapana kwa moyo safi na kujiona siku ile wamechezewa. Sheria ya 2016 kweli iliipa Uskoti uwezo wa kupanga viwango vya kodi ya mapato na sehemu ya misaada ya kijamii. Je, ahadi ilitimizwa? Upande wa muungano unasema ndiyo, ule mwingine unasema nusu.

Wanaotaka uhuru wanawachukia watu wa England?

Hapana, ingawa wenye chuki hawakosekani, kama ilivyo popote. Hoja inayobeba upande wa Ndiyo ni ya kidemokrasia: Uskoti hutawaliwa mara kwa mara na serikali isiyoichagua. Kati ya 1979 na 1997 Wahafidhina walitawala kutoka London huku Waskoti wakiwapa Labour viti vingi katika kila uchaguzi. Katika miaka hiyo migodi na viwanda vilifungwa, na kiwanda cha chuma cha Ravenscraig, kilichokuwa tegemeo la mji wa Motherwell, kilizimwa mwaka 1992. Na ilikuja kodi ya kichwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kodi ya aina hiyo humfanya nini maskini, anayelipa sawa na tajiri. Serikali ya Margaret Thatcher iliianzisha Uskoti mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya England na Wales. Waskoti wengi waliona wamefanywa watu wa kujaribiwa. Mwaka 1997 Wahafidhina walipoteza kila kiti walichokuwa nacho Uskoti, chama ambacho mwaka 1955 kilikuwa kimepata nusu ya kura zote huko.

Kwa hiyo mtu wa Ndiyo anaposema uhuru, mara nyingi ana maana ya jambo la kawaida kabisa: serikali ninayoichagua ndiyo initawale, na nikiichoka niitoe mimi.

Basi wanaokataa uhuru hawaipendi Uskoti?

Swali hili huwaumiza wengi, na wana haki ya kuumia. Kampeni ya Hapana iliongozwa na Alistair Darling, Mskoti. Hotuba iliyotikisa zaidi, siku moja kabla ya kura, aliitoa Gordon Brown kule Glasgow, naye ni Mskoti aliyewahi kuwa waziri mkuu wa ufalme wote.

Sababu zao ni nyingi na hazifanani. Wapo wenye ndugu na watoto pande zote za mpaka, ambao hawataki dada yao wa Newcastle awe mgeni. Kuna wafanyabiashara: takriban asilimia 60 ya kinachouzwa nje ya Uskoti huenda sehemu nyingine za ufalme huo huo. Wastaafu nao waliuliza pensheni yao italipwa na nani. Wengine wanajiona Waskoti na Waingereza kwa pamoja, na hawaoni kwa nini walazimishwe kuchagua kimoja.

Hoja ya Hapana ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kubebana: kwamba mfanyakazi wa Glasgow na wa Liverpool wana shida moja, na kwamba mfuko mmoja mkubwa wa taifa humlinda aliyeanguka popote alipo. Brown aliisema vizuri. Kwa bahati mbaya kampeni yenyewe ilitumia muda mwingi zaidi kutisha watu kuhusu bei, mabenki na ajira, hadi ikabandikwa jina la Mradi wa Hofu. Ilishinda kura, lakini kwa watu wengi haikuujengea muungano mapenzi yoyote.

Wangetumia fedha gani?

Hapa ndipo upande wa Ndiyo ulipokuwa dhaifu zaidi, na kwa maoni yangu bado ni dhaifu.

Mwaka 2014 Salmond alisema Uskoti huru itaendelea kutumia pauni kwa makubaliano rasmi na London. Februari mwaka huo waziri wa fedha, George Osborne, alikwenda Edinburgh na kusema makubaliano hayo hayatakuwapo. Labour na Liberal Democrats wakamuunga mkono. Katika mdahalo wa televisheni wa Agosti, Darling alimuuliza Salmond tena na tena mpango wake mbadala ni upi, na jibu halikuridhisha. Baadaye chama chake cha SNP, kinachopigania uhuru, kilibadili msimamo: watumie pauni kwa muda bila makubaliano, kisha waanzishe sarafu yao.

Sasa mfikirie mtu mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 25 kwa pauni, na mshahara utakaokuja kulipwa kwa fedha ambayo haijazaliwa. Ana haki ya kuuliza. Wanaounga mkono uhuru hujibu kwamba nchi nyingi ndogo zilianza na sarafu mpya zikasimama, na hilo ni kweli, lakini nyingi hazikuwa zimefungamana kiasi hiki na jirani mmoja.

Kuna pia suala la nakisi. Kila mwaka serikali ya Uskoti yenyewe hutoa hesabu za mapato na matumizi, na kwa kawaida zinaonyesha matumizi kwa kila mkazi yakizidi wastani wa ufalme. Upande wa muungano unazisoma kama ushahidi kwamba Uskoti inapokea kuliko inavyotoa. Upande wa uhuru unasema hesabu hizo zinaeleza Uskoti ilivyo ndani ya muungano, hazielezi ingekuwaje ikijipangia uchumi wake. Wote wawili wanasema kweli kuhusu karatasi ile ile, na ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Na mafuta je?

Mafuta ya Bahari ya Kaskazini yaliipa SNP nguvu miaka ya 1970, kwa kaulimbiu ya kwamba ni mafuta ya Uskoti. Mwaka 1974 mchumi wa serikali, Gavin McCrone, aliandika kwamba Uskoti huru ingekuwa na ziada kubwa ya fedha. Taarifa yake haikutangazwa, na umma uliisoma mwaka 2005 tu. Wengi wa upande wa Ndiyo huitaja pamoja na Norway, iliyojiwekea akiba kubwa kutokana na mafuta ya bahari ile ile, na mimi naona malalamiko hayo yana msingi.

Lakini malalamiko ya jana hayalipi mishahara ya kesho. Mipango ya 2014 ilitegemea pipa moja kuuzwa zaidi ya dola 100. Kufikia Januari 2016 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30. Kama Ndiyo ingeshinda, serikali mpya ingezaliwa katikati ya anguko hilo.

Umoja wa Ulaya umeingiaje katika ugomvi huu?

Umeugeuza kichwa chini miguu juu. Mwaka 2014 upande wa Hapana ulikuwa ukisema: mkitaka kubaki Ulaya, msijitoe Uingereza. José Manuel Barroso, rais wa Kamisheni ya Ulaya wakati huo, alisema itakuwa vigumu mno kwa Uskoti kupokelewa kama mwanachama mpya. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Juni 2016, ufalme ulipiga kura kujitoa Ulaya. Uskoti ilikataa kwa asilimia 62, katika kila halmashauri, zote 32. Ikatolewa hata hivyo.

Kwa baadhi ya waliopiga Hapana mwaka 2014, hilo lilikuwa kama kuuziwa nyumba kwa sababu ya kisima kisha kisima kikafukiwa. Wakahamia Ndiyo. Lakini hata Ndiyo ilipoteza watu, maana kuna Waskoti wanaotaka uhuru kutoka London na kutoka Brussels pia, hasa katika vijiji vya wavuvi. Tena, Ulaya imezaa tatizo jipya: Uskoti ikirudi huko, mpaka wake na England utakuwa mpaka wa forodha wa Ulaya, na biashara yake kubwa iko upande wa pili wa mpaka huo. Aliyeona vurugu za Brexit, yaani huko kujitoa Ulaya, anaweza kutoka na funzo lolote kati ya mawili: tukimbie, au tusirudie kuvunja muungano mwingine.

Nani huunga mkono na nani hukataa?

Umri ndio unaotenganisha zaidi. Vijana huelekea Ndiyo na wazee wa zaidi ya miaka 65 huelekea Hapana kwa wingi mkubwa. Wanawake walikuwa na mashaka zaidi kuliko wanaume mwaka 2014. Waliozaliwa England wakahamia Uskoti hukataa zaidi. Kwa jumla, tangu 2014 tafiti za maoni zimekuwa zikikaa karibu na nusu kwa nusu, Hapana ikitangulia mara nyingi na Ndiyo ikipita mbele kwa vipindi, kama mwaka 2020.

Asili haimwambii mtu apige kura gani. Humza Yousaf, aliyekuwa waziri kiongozi mwaka 2023 hadi 2024 na mtetezi wa uhuru, ana baba kutoka Pakistan na mama aliyezaliwa Kenya. Anas Sarwar, aliyechaguliwa kuongoza Labour ya Uskoti mwaka 2021, naye ana asili ya Pakistan, alisoma shule moja na Yousaf mjini Glasgow, na anapinga uhuru.

Watu wa Afrika Mashariki wanaoishi huko walipiga kura?

Waliotoka Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda waliweza, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wakaazi wa Uskoti waliruhusiwa mwaka 2014, pamoja na raia wa Umoja wa Ulaya. Mrundi au Mkongo hakuruhusiwa. Tangu 2020 sheria ya Uskoti imepanua mlango: mgeni yeyote mwenye kibali halali cha kuishi, mkimbizi akiwemo, anaweza kuchagua wabunge wa Holyrood na madiwani.

Kigezo kilikuwa ukaazi. Mkenya wa Aberdeen alipiga kura wakati Mskoti aliyehamia London hakupiga. Kuna Waskoti wa nje waliolalamika sana, lakini mimi naona ulikuwa uamuzi wa heshima: atakayeishi na matokeo ndiye aamue.

Wangemfukuza mfalme?

Msimamo rasmi wa SNP ni kwamba ufalme utabaki. Chama cha Kijani, kinachounga mkono uhuru pia, kinataka jamhuri.

Nyambizi za nyuklia zingekwenda wapi?

Ziko Faslane, karibu na mto Clyde unapoingia baharini, si mbali na Glasgow, na ndizo pekee zinazobeba silaha za nyuklia za Uingereza. SNP inataka ziondoke. Kuzihamishia England kungegharimu fedha nyingi na miaka mingi. Waskoti wengi huchukizwa na silaha hizo, lakini familia nyingi za huko hula kwa kazi za kambi ile, na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 hoja ya usalama imekuwa nzito zaidi. SNP yenyewe iliacha msimamo wake wa kupinga NATO mwaka 2012, na wabunge wawili wakajitoa chamani kwa hasira.

Kwa nini wasipige kura tena, yaishe?

Kwa sababu hawakubaliani ni nani mwenye haki ya kuiitisha, na kwangu hili ndilo donda lenyewe.

Upande wa muungano unasema: mliulizwa, mkajibu, na Salmond mwenyewe alisema ni nafasi ya mara moja katika kizazi. Upande wa uhuru unajibu kwamba Brexit ilibadilisha kila kitu, na kwamba katika uchaguzi wa 2021 SNP ilipata viti 64 na Kijani 8, jumla 72 kati ya 129, wote wakiwa wameahidi kura nyingine. Theresa May alikataa mwaka 2017. Boris Johnson alikataa mwaka 2020. Waziri kiongozi Nicola Sturgeon akalipeleka swali mahakamani, na tarehe 23 Novemba 2022 majaji watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba bunge la Uskoti haliwezi kutunga sheria ya kura hiyo bila idhini ya Westminster.

Kisheria, sioni kasoro katika uamuzi huo. Kisiasa, umeacha shimo. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu ulioandikwa: waziri akiona kuna dalili za wengi kutaka kuungana na Ireland, lazima aitishe kura, na baada ya kura ni lazima ipite miaka saba kabla ya nyingine. Uskoti haina kitu kama hicho. Huambiwa muungano ni wa hiari, lakini hakuna awezaye kuionyesha mlango uko wapi na unafunguliwaje. Hata wapenda muungano kadhaa wamekiri kwamba hali hiyo haitoshi. Na mimi nadhani muungano ungekuwa na afya zaidi kama masharti ya kuondoka yangeandikwa, hata kama yangekuwa magumu.

SNP ilianguka 2024. Uhuru umekufa?

SNP ilitoka viti 48 hadi 9 katika uchaguzi wa bunge la Westminster, na Labour ikapata 37. Kilichoanguka ni chama kilichokuwa kimetawala Edinburgh kwa miaka 17 na kuchokwa. Tafiti za wakati huo huo zilionyesha uungaji mkono wa uhuru haukushuka hivyo. Wapo wengi wanaotaka uhuru na hawaitaki SNP.

Inafanana na suala la Zanzibar?

Watanzania huuliza hili kila mara, na kufanana kupo. Kote kuwili mshirika mdogo ana serikali na bunge lake, na mshirika mkubwa hana chake peke yake. Mwaka 1977, mpango wa kuipa Uskoti bunge lake ulipojadiliwa, mbunge Tam Dalyell wa West Lothian aliuliza: kwa nini mimi Mskoti nipige kura kuhusu shule za England, ilhali mbunge wa England hawezi kugusa za kwetu? Swali hilo Watanzania wanalijua, kwa majina mengine. Na Julius Nyerere, aliyeunganisha Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952.

Tofauti nazo ni kubwa. Uskoti ni kama asilimia 8 ya watu wa ufalme wake. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ni kama asilimia 3 ya Tanzania. Zanzibar ina rais wake. Wazanzibari hawajawahi kuulizwa kuhusu muungano kwa kura ya maoni, na katiba ya Tanzania hairuhusu kusajiliwa chama kinachotetea kuuvunja. Uskoti, chama chenye lengo hilo hilo kimesajiliwa tangu zamani, kimeshinda chaguzi, kimeunda serikali, na sehemu kubwa ya bajeti ya serikali hiyo hutoka kwa muungano ule ule ambao chama hicho kinataka kuuacha.

Na visiwa vya Orkney na Shetland?

Vilikataa uhuru kwa nguvu, Orkney kwa asilimia 67, idadi kubwa kuliko halmashauri zote. Vilikuwa chini ya Norway hadi viliposhikwa na Uskoti kama rehani ya mahari mwishoni mwa miaka ya 1460. Baadhi ya wakazi huuliza: ikiwa Uskoti ina haki ya kuiambia London kwaheri, sisi hatuna haki ya kuiambia Edinburgh hivyo hivyo? SNP hujibu kwamba visiwa ni sehemu ya taifa moja la Uskoti. Hilo ndilo jibu ambalo London huipa Edinburgh.